Gari kuukuu: nilitengeneze au nilibadilishe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wenye magari ya miaka kumi na kuendelea, wengi wao wakiuliza huku wameshika karatasi ya makadirio ya fundi. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine bila kurudia. Aliyeyajibu anaendesha gari la miaka 19, kwa hiyo upande anaoegemea ujulikane mapema.

## Mambo ya msingi

1. Gari linahesabiwa kuukuu likifika miaka mingapi, au kilomita ngapi?

Hakuna mstari uliochorwa, kwa sababu umri na kilomita hupima uchakavu wa aina mbili. Kilomita huchosha vyuma vinavyosuguana: ringi za pistoni, beringi, klachi, gia. Umri huchosha mpira, plastiki na rangi: mipira ya maji, bushi, sili, matairi, maganda ya nyaya. Ndiyo maana gari la miaka 15 lenye kilomita 60,000 tu laweza kukusumbua kuliko la miaka 8 lenye kilomita 200,000 za safari ndefu. Safari fupi fupi, ambazo injini inazimwa kabla haijapata joto lake kamili, ndizo mbaya zaidi. Mvuke wa maji na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili na kuiharibu.

Anayetaka kujua ukomo uko wapi amtazame Mmarekani Irv Gordon, mwalimu wa sayansi aliyenunua Volvo 1800S mwaka 1966. Mwaka 2013 gari hilo lilivuka maili milioni 3, karibu kilomita milioni 4.8. Mwenyewe alikuwa akisema alifuata tu ratiba ya sevisi ya mtengenezaji. Wengi wetu hatujui hata kitabu hicho cha ratiba kiko wapi ndani ya gari.

2. Ni kweli gari kuukuu linakula pesa kuliko jipya?

Linakula hadharani. Gharama zake huja kama bili: leo klachi, mwezi ujao alteneta. Gari jipya hula kimya kimya kwa kushuka thamani, na hakuna anayekuletea risiti ya kushuka thamani. Anguko ni kali zaidi miaka ya mwanzo, kisha mteremko unalala. Gari la miaka 15 halina tena mbali pa kushukia. Kama hilo jipya ni la mkopo, ongeza riba, na mara nyingi bima kubwa ambayo mkopeshaji hakuachii uikatae.

Kuna kitu kimoja ambacho gari kuukuu hutoza na wapenzi wake hatupendi kukitaja: kutotabirika. Mtu ambaye akichelewa mara mbili anapoteza kazi hawezi kupiga hesabu moja na yule mwenye usafiri mwingine siku gari liko gereji.

3. Fundi anataka pesa nyingi kuliko thamani ya gari lenyewe. Si ndiyo mwisho wake?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na kosa liko ndani yake. Thamani ya sokoni inakuambia utapata nini ukiuza. Haikuambii utatoa kiasi gani kupata gari jingine la kukufanyia kazi ileile.

Tupige hesabu kwa sarafu yoyote uitakayo. Gari lako likiwa zima lingeuzwa 100. Giaboksi imekufa na fundi anataka 120. Likiwa bovu hivyo hivyo, kuna mtu atalichukua kwa 30. Gari jingine unaloweza kuliamini ni 400. Ukitengeneza, umetoa 120. Ukibadilisha, umetoa 400 na kupokea 30, yaani 370. Leo hii tofauti ni 250, na hizo zimebaki mfukoni mwako.

Usiishie hapo, maana wenzangu wa magari kuukuu huishia hapo na kushangilia. Nenda miaka miwili mbele. Tuseme la zamani litauzwa 80 na lile la 400 litauzwa 280. Kutengeneza kumekugharimu 40, kubadilisha kumekugharimu 90. Kwa hiyo gari lako la zamani lina ruhusa ya kula 50 zaidi ya mwenzake kwa miaka hiyo miwili kabla halijakutia hasara. Likila chini ya hapo ulifanya vyema kulitengeneza, likizidi, ulikosea. Weka tarakimu zako mwenyewe. Kila mara jibu hukaa kwenye hiyo ruhusa ya ziada, wala halikai kwenye kulinganisha 120 na 100.

Kumbuka pia kwamba gari la kununua si malaika. La kwako unajua limeshabadilishwa nini na lini. Lile jingine, mwenye kujua siri zake ndiye huyo anayelikimbia.

4. Nimeshaweka pesa nyingi mno humu, naona uchungu kuliacha. Nifanyeje?

Pesa iliyokwisha kutumika haiingii kwenye hesabu ya swali la 3. Kinachoingia ni ile utakayotoa kuanzia leo. Matengenezo ya nyuma yana maana pale tu yanapopunguza bili zijazo. Ulibadilisha klachi mwaka jana? Vizuri, hutaibadilisha mwaka huu. Ulipaka rangi? Hiyo imekwenda.

5. Tarakimu za hesabu hiyo nizitoe wapi?

Kwenye daftari. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, spea iliyowekwa na kiasi ulicholipa. Mwisho wa mwaka tenganisha mafungu mawili: matunzo ambayo gari lolote lingeyadai, kama oili, matairi, pedi za breki na betri, na kuharibika kwenyewe. Mwaka niliouita mwaka wa laana, nilipofungua daftari nikakuta zaidi ya nusu ilikuwa matairi manne na betri. Gari jipya la jirani nalo lilikuwa na matairi manne na betri.

## Kutunza kwa pesa kidogo

6. Pesa haitoshi kutengeneza vyote. Nitangulize nini?

Kwanza vinavyolisimamisha na kuliongoza gari: breki, matairi, boljointi, tairodi. Pili vinavyoweza kuiua injini: oili, maji ya rejeta, taimingi belti. Tatu vinavyoweza kukulaza njiani: betri, alteneta, pampu ya mafuta. Mwisho vinavyoudhi tu, mathalani kioo kisichoshuka, kitasa kilicholegea, mlio wa dashibodi. Watu wengi hufuata mpangilio huu kinyume, kwa kuwa kioo kisichoshuka unakiona kila siku na mafuta ya breki huyaoni.

Basi tuyaseme hayo mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limesimama, na yakishapata maji huchemka mapema. Kiwango cha DOT 4, daraja moja la mafuta ya breki, kinadai mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishalowa, kima cha chini kinashuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni kazi ya bei ndogo, na sijui kwa nini inasahaulika kuliko zote.

Kwenye tairi, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini lenye miaka kumi ni tairi bovu, na hilo ni pamoja na la akiba ulilolisahau nyuma. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kima cha chini cha kina cha kashata. Barabara ikilowa, utaona tofauti hata kabla ya kufika hapo.

7. Oili nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi? Na nikiweka nzito kwa kuwa injini imechoka?

Fuata kitabu cha gari. Magari mengi yaliyozeeka huangukia kati ya kilomita 5,000 na 10,000, au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kitabu hicho pia kina ratiba ya mazingira magumu: vumbi, foleni, joto kali, safari fupi, kuvuta mizigo. Wengi wetu tuko kwenye ratiba hiyo bila kujua.

Muhimu zaidi ni kuchomoa kijiti cha oili kila wiki. Injini kuukuu ikinywa oili kidogo haijafa. Watengenezaji kadhaa huhesabu hata lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndani ya mipaka yao. Inayokufa ni ile inayokunywa huku mwenyewe hajui. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini mara moja. Hiyo taa haikupi dakika tano.

Oili nzito kupita iliyoandikwa kwenye kitabu huweza kupunguza moshi na kelele, lakini huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, wakati ambapo vyuma vinahitaji ulainisho kuliko wakati wowote. Hatua moja juu, kwa mfano kutoka 5W-30 hadi 5W-40, huwa haina neno kama kitabu kinairuhusu. Zaidi ya hapo unaficha ugonjwa.

8. Naweza kujaza maji matupu kwenye rejeta?

Kwa dharura, ndiyo. Kwa kudumu, hapana. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye dawa, huzuia kutu, huilinda pampu ya maji na huchelewesha kuchemka. Na usidharau kifuniko cha rejeta. Kwenye magari mengi kinashikilia mgandamizo wa karibu bari 1, na mgandamizo huo ndio unaofanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Kifuniko kilicholegea kimewapeleka watu wengi kununua rejeta wasiyoihitaji.

9. Taimingi belti haijakatika na haina mlio. Kwa nini niibadilishe?

Kwa sababu haikutumii taarifa. Belti hiyo ndiyo inayopanga zamu za valvu na pistoni, na kwenye injini nyingi hupishana katika nafasi ileile. Belti ikikatika vinagongana, na bili inaruka kutoka belti hadi silinda hedi nzima. Vipindi vinatofautiana, mara nyingi kati ya kilomita 60,000 na 160,000, na pia kuna ukomo wa miaka. Kama umenunua gari la mkononi na huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa. Pampu ya maji ikizungushwa na belti hiyohiyo, badilisha vyote kwa pamoja, maana gharama kubwa ni kufungua.

Gari lako likitumia cheni badala ya belti, huna tarehe ya kubadilisha. Ila cheni huishi kwa oili safi. Mlio wa kukwaruza sekunde chache baada ya kuwasha asubuhi ni cheni iliyolegea au kikazio chake kinachochelewa kupata oili.

10. Oili ya giaboksi ya otomatiki haijawahi kubadilishwa. Nasikia nikibadilisha itakufa.

Kuna ukweli nusu. Giaboksi ambayo imeshaanza kuteleza huenda ikazidi baada ya kubadilishwa oili, lakini iliyoiua ni ile miaka ya kupuuzwa. Kama inashika gia vizuri, mwaga na kujaza inayoingia, bila kuisukuma kwa mashine ya shinikizo, kisha rudia baada ya kilomita elfu chache. Tumia aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu; giaboksi za CVT (otomatiki zisizo na gia za ngazi) hasa hazisamehi oili isiyo yake. Oili ikitoka nyeusi na harufu ya kuungua, au ina vipande vya chuma, usiongeze pesa nyingine kabla ya kusoma swali la 17.

11. Spea jenuini, ya kampuni nyingine, au iliyotumika?

Inategemea ikifeli itakufanya nini. Breki, usukani, taimingi belti, themostati na sensa: nunua jenuini au ya kampuni inayojulikana kuvitengenezea viwanda vya magari. Taa, vioo, milango, vitasa, viti: ya mkononi haina ubaya, na mara nyingi inakaa vizuri kuliko mpya ya bei rahisi. Pampu ya maji iliyotumika ni upuuzi, kwani kazi ya kuifunga inazidi ulichookoa.

12. Kazi gani naweza kufanya mwenyewe?

Kubadilisha filta ya hewa, plagi, betri, balbu, wipa na oili, ukiwa na spana chache na subira. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi. Na mifuko ya hewa iache kabisa.

## Dalili, na fundi

13. Taa ya injini imewaka. Ni kubwa?

Angalia kama imetulia au inapepesa. Ikipepesa, injini inamisi vibaya, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta yake. Petroli hiyo mbichi inakwenda kuunguza katalisti ya eksozi, kile kifaa kinachosafisha moshi. Punguza mwendo na usimame karibu. Ikitulia, una muda wa kupima.

Magari ya modeli ya 1996 na kuendelea yaliyouzwa Marekani, na ya petroli yaliyoingia soko la Ulaya tangu 2001, yana tundu la OBD-II, la kusomea kompyuta ya gari, chini ya dashibodi. Kisomaji kidogo cha kuchomeka hapo ni rahisi kuliko matembezi mawili gereji. Lakini kompyuta inakuambia inachohisi, haikuambii cha kununua. Namba ya kosa P0420, kwa mfano, husema katalisti haisafishi inavyotakiwa. Chanzo chaweza kuwa sensa ya oksijeni, tundu kwenye eksozi, au hiyo misi yenyewe. Nimewahi kulipia spea tatu kwa fundi aliyesoma namba akabadilisha kila kilichotajwa. Tatizo lilikuwa mpira mmoja wa hewa uliopasuka.

14. Rangi ya moshi ina maana gani?

Buluu ni oili: ringi au sili za valvu. Moshi huo ukionekana asubuhi tu kisha ukatoweka, mara nyingi ni sili, na unaweza kuishi nao. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu, huku maji yakipungua, ni kulanti inaungua ndani: soma swali la 15.

15. Gari linachemsha. Naweza kulifikisha gereji?

Hapana. Nilisema "ni pale kwenye kona tu," nikalifikisha, na silinda hedi ikapinda. Ile kona ilinigharimu kuliko kulivuta mara kumi.

Geji ikipanda, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote ili itoe joto kwenye injini, tafuta pa kusimama, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta kwa angalau nusu saa. Maji yale yako chini ya mgandamizo na yatakurukia usoni. Likishapoa, tazama kama maji yamepungua na yanavujia wapi. Sababu za bei ndogo ndizo nyingi: mpira uliopasuka, feni isiyozunguka, themostati iliyoganda, kifuniko.

Gasketi ya hedi, inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye silinda, mafundi huitaja haraka, nyakati nyingine haraka mno. Kabla ya kukubali, omba kipimo: kuna dawa inayobadilika rangi ikikuta gesi ya eksozi ndani ya maji ya rejeta, na kuna kipimo cha kompresheni ya silinda. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake si hukumu. Gari la safari fupi kwenye baridi hupata ute huo bila ugonjwa wowote.

16. Nitajuaje kama fundi ananidanganya?

Muulize amejuaje. Fundi mzuri anakuonyesha: anatikisa gurudumu uhisi linavyocheza, anakuwekea mita uone betri iko volti 12.6 likiwa limezimwa na 14 na kitu likiunguruma. Asemaye "hii lazima ni pampu" bila kupima chochote anabahatisha kwa pesa yako. Omba spea ya zamani urudishiwe. Kwa kazi kubwa, pata maoni ya fundi wa pili, na usimwambie wa kwanza alisema nini.

Ukishampata mwaminifu, usihamehame kwa ajili ya punguzo dogo. Anayelijua gari lako ni nusu ya akiba yako.

## Kuamua

17. Dalili zipi zinasema sasa basi?

Kwangu mimi ya kwanza ni kutu ya mifupa. Siyo ya mlango wala ya bawa. Ile ya chesisi, ya vizingiti vya chini ya milango, na ya sehemu shokapu na mikono ya magurudumu inaposhikiliwa. Chukua bisibisi, ingia chini, gonga. Mlio wa chuma ni uzima. Bisibisi ikizama, gari hilo halitakulinda likigongwa, na kuchomelea juu ya kutu ni kushona kitambaa kilichooza. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa, lakini mifupa ndiyo gari.

Ya pili ni makubwa mawili kwa wakati mmoja. Giaboksi peke yake inaweza kupita kwenye hesabu ya swali la 3. Giaboksi na silinda hedi ndani ya miezi sita ni nadra kupita.

Ya tatu ni spea kukauka sokoni, hadi unaagiza na kusubiri wiki nzima kwa kitu kidogo. Ya nne ni fungu la kuharibika kwenye daftari lako kupanda miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja mbaya hauthibitishi kitu.

Na ya tano haina kipimo: umeacha kuliamini. Unakataa safari, huwashi redio ili usikilize milio. Gari ambalo unaogopa kuliendesha tayari limeacha kuwa usafiri, hata kama linawaka.

18. Vipi kuhusu usalama? Magari ya zamani si yalikuwa ya chuma kigumu?

Chuma hicho hakimlindi aliyemo ndani. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Chumba cha dereva cha Bel Air kilikunjamana, cha Malibu kikabaki. Mwaka 2017 Euro NCAP, wapimaji wenzao wa Ulaya, ilitimiza miaka 20 kwa kugonga Rover 100 ya mwaka 1997 na Honda Jazz ya kisasa, na matokeo yakawa ya namna hiyo hiyo.

Kama una nafasi ya kubadilisha kwa sababu moja tu, hii inatosha: mfumo wa kielektroniki unaozuia gari lisiserereke na kuzunguka. Ulilazimishwa kwa magari mepesi Marekani kuanzia modeli ya 2012, na kwa magari yote mapya ya Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2014. Ya kabla ya hapo, mengine yanao, mengine hayana.

Na angalia wito wa kurudisha magari. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani iliua watu kwa sababu kemikali ya kuijaza ilichakaa kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikalipuka na kurusha vipande vya chuma. Waathirika wakubwa ni magari ya umri huu tunaouzungumzia. Ukiwa na namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17, mtengenezaji atakuambia kama lako limo, na ukarabati wa wito huwa bure.

19. Nikiamua kubadilisha, nitengeneze kwanza ndipo niuze?

Kubwa usitengeneze, mnunuzi hakurudishii pesa ya giaboksi. Dogo tengeneza: osha, badilisha balbu, zima taa ya dashibodi kwa kutibu chanzo chake, siyo kwa kufuta namba. Daftari la swali la 5 lifuatane na gari. Hilo peke yake hupandisha bei.

Unaponunua, lione injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika ameficha sekunde zile za mwanzo ulizozihitaji. Lipia fundi wako alikague, na usimalize pesa yote kwenye bei. Bakiza angalau sehemu moja kwa kumi kwa ajili ya oili zote, filta, mafuta ya breki na belti.

## Hali za kipekee

20. Injini imekufa. Niweke nyingine iliyotumika?

Ikiwa mifupa ni mizima (swali la 17) na una namna ya kujua injini hiyo imetoka wapi, ni njia nzuri na ya haraka kuliko kusuka upya ya kwako. Kabla haijafungwa, badilisha taimingi belti, pampu ya maji na sili za nyuma ikiwa bado iko mezani. Hakikisha pia namba ya injini inabadilishwa kwenye karatasi za gari, la sivyo utakuja kukwama siku ya kuuza.

21. Langu ni haibridi na betri kubwa imeanza kuchoka. Ndiyo mwisho?

Sio lazima. Betri ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, ni moduli 28 zilizounganishwa, na moja ikifa mfumo mzima unalalamika. Kuna mafundi wanaobadilisha hiyo moja tu. Itafanya kazi, lakini zilizobaki zina umri uleule, na miezi michache baadaye utarudi kwa nyingine. Mimi ningefanya hivyo kwa gari ninalotaka kuliuza au kulimalizia mwaka mmoja. Kwa kukaa nalo, nunua betri nzima. Na safisha filta ya feni inayopoza betri, ambayo kwenye magari kadhaa iko karibu na kiti cha nyuma na inaziba vumbi bila mtu kuiona.

Hii ni kazi ya volti zinazoua. Ushauri wa swali la 12 hauhusiki hapa.

22. Gari limekaa mwaka mzima bila kuwashwa. Naweza kuwasha tu na kwenda?

Usiwashe kwanza. Kagua panya wasiwe wamekula nyaya, angalia oili na maji, chaji betri. Petroli ya mwaka imepoteza nguvu na huenda imeacha utomvu. Ikiwezekana imwage, uweke mpya. Ukishawasha, jaribu breki kwa mwendo wa kutembea, maana diski hushika kutu na piston za breki huganda. Matairi nayo yanaweza kuwa yameota bapa upande mmoja.

23. Kwa ajili ya mazingira, si bora ninunue jipya linalotumia mafuta kidogo?

Inategemea unaendesha kiasi gani. Kutengeneza gari jipya kunatoa hewa chafu nyingi kabla halijatembea hata kilomita moja, na deni hilo hulipwa polepole kwa mafuta unayookoa. Anayeendesha kilomita nyingi kila mwaka hulilipa mapema. Anayetembeza gari Jumamosi tu huenda asilimalize kamwe, na kwake matairi yenye upepo sahihi na injini isiyomisi ni hatua ya maana zaidi.

24. Hili lilikuwa gari la marehemu baba. Hesabu zote zinasema niliuze, na siwezi.

Basi usilipitishe kwenye hesabu ya swali la 3, maana halimo. Lihesabu kama kumbukumbu, uipangie fungu lake dogo la mwaka, na usafiri wako wa kila siku uutafutie njia nyingine. Wanaoumia ni wale wanaolazimisha gari moja libebe mambo yote mawili, ukumbusho na kwenda kazini.

Likibaki, lisikae bure. Litembeze kila baada ya wiki mbili hadi injini ipate joto kamili, kilomita 20 au zaidi, siyo kuliwasha tu uwanjani kwa dakika tano. Ukiona hata hilo huliwezi, rudi swali la 22 kabla ya kuliwasha tena.